Risasi Laini

Agosti 2, 1983

Daktari amekata shauri: Orrin asiguse tena chungu anachoyeyushia madini ya risasi za bunduki yake. Mwezi uliopita mkono ulimcheza akiwa anamimina, madini ya moto yakamwingia kiatuni. Kidonda kinakauka vizuri, namshukuru Mungu, la sivyo saa hizi ningekuwa na mume wa mguu mmoja. Lakini ule ugonjwa wa kutetemeka haukauki. Akimeza kidonge, mikono inatulia, lakini saa moja na nusu hivi tangu kumeza unarudi pale pale.

"Mwaka huu bunduki bado utaishika," daktari alimwambia. "Ya mwakani sikuahidi."

Njiani kurudi, tulipovuka daraja, Orrin akasema: "Basi, Verlene. Uza kila kitu kilichomo bandani."

"Nimuuzie nani takataka zile?" nikamjibu. Nilikuwa nataka kulia na sikutaka anione.

Agosti 5

Siku ya tatu hajatoka nje. Anakaa dirishani anatazama banda lake. Chakula anakula vijiko viwili, anasema ameshiba. Mtu aliyekuwa anamaliza sahani ya viazi na kuifuta kwa mkate!

Shindano la klabu ni Oktoba mosi. Ni bunduki za zamani za kupiga moja moja, bila darubini, na risasi lazima ziwe zimemiminwa nyumbani kwa mpigaji, ama na yeye mwenyewe ama na mtu anayekula mezani pake. Orrin amepiga miaka thelathini na mmoja mfululizo, hajawahi kuvuka nafasi ya tisa. Na watu wanaokula mezani pake ni wawili, yeye na mimi.

Agosti 6

Nimemwambia nitamimina mimi. Amecheka. Ni cheko la kwanza tangu Julai, kwa hiyo nimelipokea hata kama lilikuwa la kunidharau.

Agosti 11

Leo nimevaa glavu zake, miwani yake na aproni ya ngozi, nikawasha jiko la banda. Miaka thelathini na minane ya ndoa na sijawahi kushika upawa ule. Harufu ya banda niliichukia tangu nikiwa bibi harusi, na nikisema kweli, nililionea wivu banda lenyewe. Kila Jumamosi ya mvua alikuwa huko na mimi niko huku na redio.

Orrin alikaa kwenye kiti mlangoni akitoa amri.

"Usiruhusu tone la maji! Tone moja likiingia mle, madini yatakurukia usoni."

"Nimeshasikia mara nne."

"Basi sikia ya tano. Na usimimine kama unakamua ng'ombe. Mfululizo, mwanamke, mfululizo!"

"Orrin Tackett, ukiniita mwanamke tena nitakumwagia wewe."

Risasi ishirini za kwanza zilitoka na makunyanzi mengi kuliko uso wangu. Kalibu, kile chuma cha kumiminia chenye umbo la risasi, ilikuwa baridi. Ikishapata moto wa kutosha, madini yanajaza pembe zote na risasi inatoka laini, inang'aa. Nilipomwonyesha moja nzuri aliigeuza geuza karibu na jicho, akasema, "Hii si mbaya." Kwa Orrin hayo ni mashairi.

Agosti 14

Nimepima risasi mia moja kwenye mizani. Thelathini na sita nyepesi, zina tundu la hewa ndani. Zote zimerudi chunguni. Mgongo unaniuma.

Agosti 19

Moshi wa misitu inayoungua upande wa magharibi umejaa bonde lote. Jua jekundu tangu asubuhi. Hata hivyo tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha, maana kidonge hakingoji hewa nzuri. Orrin anameza, tunasubiri dakika arobaini, anakaa kwenye benchi, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, na kweli mikono inatulia. Nilishukuru kuiona imetulia, nikasahau kutazama shabaha.

Shabaha ilikuwa aibu tupu. Hatua mia moja tu, na matundu yametawanyika kuliko kuku waliotupiwa jiwe. Alipochungulia ndani ya mtutu, akaona madini yamegandamana ndani kama kila mwaka.

Thurman Boyce alikuwepo, yule mwenye gereji ya matairi, anayetunza kitabu cha klabu. Ameshinda mara sita na hajaacha kututangazia. Akaja mikono mfukoni.

"Orrin, ndugu yangu, mke wako anamimina vizuri kuliko wewe. Shida ni chakula unachompa apike."

"Nenda kazibe pancha," Orrin akamwambia.

Thurman akacheka akaondoka. Simpendi mtu yule. Anamcheka mgonjwa.

Agosti 20

Moshi. Orrin hakuamka kitandani mpaka saa sita mchana.

Agosti 27

Orrin anashikilia kuwa madini yangu bado si magumu vya kutosha. Kanuni ni ya marehemu baba yake: vizito vya kusawazishia magurudumu ya gari, ongeza herufi kuukuu za madini za mtambo wa kuchapia gazeti, na ukishamimina tumbukiza risasi ndani ya ndoo ya maji baridi zikomae. "Risasi laini ni ya mvivu," mzee yule alikuwa akisema, na mwanawe amelishika neno hilo kama amri ya kumi na moja.

Ili nijue amewahi kujaribu nini, nimeshusha madaftari yake yote. Ni kumi na manne. Kila Jumamosi imeandikwa: baruti kiasi gani, upepo wa wapi, matundu yalikaaje. Nilidhani nitasinzia. Halafu nikaanza kujiona mimi mwenyewe mle. "Machi 9, V. ana homa, sikwenda uwanjani." "Juni, nimepiga vibaya, nilimjibu V. vibaya asubuhi, niende nikamwombe radhi." "Mvua. V. anaimba jikoni, nasikia kutoka huku."

Miaka yote nilidhani mume wangu anakwenda bandani kunikimbia. Nimekaa chini sakafuni na madaftari mapajani na nimelia vizuri, kisha nikaenda kumpikia viazi na nyama ya paa. Amekula nusu sahani.

Septemba 3

Moshi umeondoka! Mvua ya usiku imeosha kila kitu.

Orrin alilala mchana, nikamimina peke yangu. Nilichukua vipande vya madini kutoka rafu ya chini, nikaongeza bati kidogo kama ilivyo kawaida, nikaimba nikiwa namimina kwa kuwa sasa najua kuna anayesikiliza. Risasi mia moja na arobaini, mbovu tisa tu. Ndoo ya maji nilisahau kuijaza, nikaona isiwe taabu, nikaziacha zipoe juu ya taulo. Sikumwambia.

Septemba 6

Sijui niandike vipi. Orrin amepiga kumi, na matundu yote kumi unayafunika kwa kiganja bila kunyoosha vidole. Akapiga kumi nyingine kuhakikisha, zikabana zaidi. Ndani ya mtutu ni safi, unaweza kujitazama.

Alinitazama mimi, akaitazama shabaha, akanitazama tena. "Ona! Nilikwambia. Ugumu! Baba alijua."

Amekula sahani nzima na kuifuta kwa mkate. Ee Bwana, asante kwa mkate ule.

Septemba 10

Umande umeganda kwa mara ya kwanza. Nyanya za kijani zote zimo ndani. Orrin amepiga tena, vizuri tena. Anapiga mluzi.

Septemba 17

Balaa.

Orrin alikuwa na siku nzuri, akaja kunifundisha kupanga rafu. Akachukua kipande cha madini akakiangusha juu ya meza ya chuma, kikalia kama kengele. "Kikilia hivi ni kigumu, ni cha risasi." Akainama rafu ya chini, akaangusha kingine. Kikatua puu, kimya. "Kikinyamaza ni laini. Hiki cha vizito vya ndoano. Hata ukucha unakikwaruza." Kisha akakuna kichwa. "Mbona vimebaki vitatu? Nilikuwa na ndoo nzima."

Nilisema labda amesahau. Mungu anisamehe, nilimwambia mgonjwa kuwa amesahau.

Alipoingia ndani nilichukua risasi moja ya lile fungu zuri, nikaikwaruza kwa ukucha. Mstari ukatokea safi kabisa. Mume wangu amekuwa akipiga kwa madini ya kuvulia samaki, na mke wake hakuzitia risasi hata majini.

Ningenyamaza. Kweli ningenyamaza mpaka kaburini, kama si meza ya asubuhi ya shindano. Klabuni kwetu, kabla ya mtu kupiga, anaweka risasi yake moja juu ya meza na kutamka mbele ya wote: madini gani, baruti gani, nani kamimina. Thurman anaandika. Ukionekana umesema uongo, hurudi tena. Katika miaka hamsini wamefukuzwa wawili, na mmoja wao alihama mji. Oktoba mosi Orrin atasimama mbele ya watu wote na kusema "ngumu", na Thurman ataigusa risasi ile kwa ukucha wake.

Septemba 19

Sikulala siku mbili. Leo nimesingizia kuwa gurudumu la mbele linapoteza upepo, nikaenda gerejini kwa Thurman. Sikuwa na mwingine wa kumuuliza anayejua mambo haya. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kati ya matairi.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikakasirika nikageuka niende zangu.

"Shemeji, ngoja! Simcheki yeye, najicheka mimi. Miaka ishirini namwambia alainishe. Baruti yake ni ya upole, haina nguvu ya kuibana risasi ngumu ikajaa mtutu. Moto unapita pembeni, unalamba madini, unayapaka ndani. Laini inajaa yenyewe. Sisi wote pale tunapiga laini, shemeji. Wote! Yeye tu na baba yake aliyeko kaburini ndio wanaopiga madini yanayolia kengele."

"Na ulimwambia hivyo? Au ulimwambia kwa zile kejeli zako?"

Akafuta mikono kwa kitambaa. "Kwa kejeli," akasema. "Sijui kusema naye kwa njia nyingine. Angeniona namwonea huruma."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu yule. "Sikiliza. Kitabu nakiandika mimi. Akisema ngumu, nitaandika ngumu, na ukucha wangu nitauweka mfukoni. Mwache apige mwaka huu kwa raha."

Mtu ambaye anakitunza kitabu kile kuliko Biblia yake! Nimemchukia Thurman Boyce bure kwa miaka mingi. Nikamshukuru, nikakataa. Njia ya mwongo ni fupi, na Orrin hajawahi kuipita hata akiwa na mikono mizima.

Akanijazia upepo kwenye gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Septemba 21

Nilitaka kumwambia leo. Nilioka keki badala yake.

Septemba 24

Mficha uchi hazai. Nimemwambia baada ya chakula cha mchana, meza ikiwa bado haijafutwa. Nilimweka mbele ile risasi yenye alama ya ukucha wangu. Nikamwambia na lile la kusema amesahau, maana hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Aliikwaruza mwenyewe, mkono ukitetemeka hata ukucha ukawa unaruka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mikono imeniacha," akasema. "Nikajiambia, haya, angalau kichwa kinajua. Sasa unaniambia hata kichwa hakikujua. Miaka thelathini na mmoja, Verlene."

"Orrin…"

"Kila Jumamosi. Ningekuwa na wewe jikoni."

Akainuka akaenda chumbani akafunga mlango. Nimekaa na vyombo vichafu. Sijawahi kumwogopea mtu hivi.

Septemba 25

Hakwenda kanisani. Hasemi.

Septemba 26

Hasemi. Nilimwachia supu mlangoni. Sahani imerudi na supu yake.

Septemba 27

Asubuhi nilichoka. Nikabeba madaftari yote kumi na manne, nikayatupa juu ya kitanda, miguuni pake.

"Unasema kichwa hakikujua kitu? Kiasi cha baruti kilitoka wapi? Nani alinifundisha joto la kalibu? Nani alinipigia kelele za tone la maji, mpaka leo nina macho mawili? Mimi nilikosea rafu, Orrin! Kosa moja! Isingekuwa wewe uliyepanga kila kitu kingine sawasawa, kosa langu lingekuwa kosa tu. Nakushukuru na umeninunia. Na hizo Jumamosi zako nimezisoma. Nilikuwa nawe, mimi mjinga ndiye nisiyejua."

Nikatoka nikapiga mlango kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Jioni alikuja jikoni na soksi zake mbaya. Akakaa. "Baba alikuwa mbishi sana," akasema.

"Unanieleza mimi? Nilikaa naye miaka sita."

"Kuna supu?"

Asante, Mungu wangu. Kulikuwa na supu.

Septemba 29

Zimebaki risasi themanini na moja. Nimezipima zote tena. Nimechagua kumi na tano ambazo mizani haizitofautishi.

Oktoba 1

Ukungu! Miezi miwili nimeogopa moshi, upepo, theluji, wala sikuwaza ukungu. Orrin amepangiwa kupiga wa kwanza saa nne. Tulimeza kidonge saa tatu na dakika ishirini. Naandika "tulimeza", nami sikumeza kitu. Saa nne ukungu umelala juu ya uwanja, hata nguzo za shabaha huzioni. Saa nne na nusu, vile vile. Watu wanakunywa kahawa, wanapiga hadithi, na mimi natazama saa na mikono ya mume wangu.

Wakafanya mambo ya meza ili muda usipotee. Orrin aliitwa wa kwanza. Akatoa risasi mfukoni, akaiweka, na watu wakasogea, maana kila mtu pale anajua kanuni ya mzee Tackett.

"Madini laini," akasema. Sauti haikutetemeka. "Ya vizito vya samaki, na bati kidogo. Hayakutiwa maji. Kamimina mke wangu, Verlene. Mimi nilikuwa nimelala. Nilikosea miaka thelathini na mmoja, na yeyote anayetaka kucheka acheke sasa, ukungu ukiondoka nina kazi."

Hakucheka mtu. Thurman aliandika polepole sana, herufi kwa herufi, kisha akasema, "Ndugu yangu, nilikuwa nasubiri kuandika mstari huu kabla sijafa," na hapo wote wakacheka, Orrin wa kwanza.

Ukungu ulipanda saa nne na dakika hamsini na tano. Tayari kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeanza. Nilimwona Orrin akikitazama. Mpigaji ana nusu saa kwa risasi kumi, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Nilisimama nyuma ya kamba nikiwa nimeshika chupa ya kahawa kwa mikono miwili.

Alipiga haraka mwanzoni, sita kwa dakika nane. Kisha mkono ukaja. Akauondoa kwenye bunduki, akauweka gotini, akangoja. Ulipotulia akapiga ya saba. Akangoja. Ya nane. Akangoja muda mrefu mpaka Thurman, aliyeshika saa, alianza kuuma midomo. Ya tisa. Kwa darubini ya kutazamia shabaha niliona tundu moja jeusi lenye kingo za kuchanika, dogo. Risasi tisa zilikuwa zimepita humo.

Zilibaki dakika nne na risasi moja, na mkono haukutulia. Alijaribu kuukalia. Alijaribu kuupulizia pumzi. Dakika moja. Nilisali kwa sauti na sijali nani alisikia. Thurman akasema, "Nusu dakika, Orrin," kwa sauti ya upole ambayo sikujua kuwa anayo. Bila risasi ya kumi, zile tisa hazihesabiwi. Orrin akashika bunduki hivyo hivyo, mkono ukicheza, akapiga.

Ilikwenda vidole vitatu kulia.

Amekuwa wa tano. Wa tano! Hajawahi. Thurman ameshinda tena, na safari hii nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Alipomaliza kupiga, mimi na Thurman ndio tuliomwinua kutoka kwenye benchi, mmoja huku mmoja huku, maana miguu nayo ilikuwa imekwisha. Walimletea karatasi ya shabaha, nayo ikatetemeka mikononi mwake hata haisomeki, ikabidi niishike upande wa pili.

Alitazama lile tundu moja la risasi tisa, akatazama lile la pembeni.

"Hizi tisa ni zako," akasema. "Ile ya kumi ni yangu."

Nikaikunja ile karatasi. Nikampakia garini, nikamshika mkono ule unaocheza. Uliendelea kucheza ndani ya wangu njia nzima, na sikuuachia mpaka nyumbani ila pale nilipolazimika kubadili gia.